Madema Nyuma ya Banda

Kengele ilianza kulia Jumamosi asubuhi, maharage ya kanisani yakiwa bado ndani ya jiko.

Verna Alley alidhani ni simu. Alifuta mikono kwenye aproni, akaitazama simu, akaiona imelala kimya. Ndipo akainua macho juu ya mlango wa jikoni. Kile kidude cheupe ambacho binti yao alikifunga pale mwaka juzi kilikuwa kinamulika taa nyekundu na kupiga kelele kama ndege aliyeshikwa mkia.

"Lendall! Kinalia!"

"Kinalia nini?"

"Kidude cha Corinne!"

Mume wake akaja kutoka sebuleni, soksi mguu mmoja. "Kimeingiwa na wazimu," akasema. "Kimesikia harufu ya maharage." Akachukua ufagio ili akigonge. Aliuinua kwa mkono wa kushoto, ingawa maisha yake yote alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Verna aliliona hilo.

"Ukikigonga namwambia Corinne."

"Mwambie. Keshazoea kuletewa habari zangu."

Lakini ufagio aliushusha. Kidude kile hakikuwekwa kwa ajili ya maharage. Kiliwekwa kwa ajili ya ile hewa ya moto isiyo na harufu, inayowalaza watu usingizi wasiamke. Walifungua madirisha yote, baridi ya mwisho wa Oktoba ikaingia kutoka ghubani na kukaa mezani kama mgeni. Verna akatoa chungu cha maharage kwa vitambaa viwili, akakiweka kwenye ngazi za nje. Maharage yalikuwa yameanza kugeuka rangi tu. Yalihitaji moto mpole mpaka jioni.

"Nampigia Dwight," akasema.

"Mpigie. Atakuja kusema ni ndege ameanguka humo ndani."

*

Dwight Hanscom, fundi wa dohani, hakukuta ndege.

Alipanda juu ya paa, akateremsha kamera yenye taa kwa waya mrefu, halafu akashuka na kioo cha kamera hiyo mkononi kuwaonyesha. Nyumba ile ilijengwa na babu yake Lendall, na matofali ya dohani yalikuwa yameachana siku nyingi. Ndiyo maana miaka saba nyuma Dwight aliwapitishia bomba la chuma ndani yake, kutoka juu hadi kwenye jiko, chuma kile kisichoshika kutu, ili moshi upite humo usiguse matofali. Sasa kwenye kioo bomba lilionekana kama jani la kabichi lililoliwa na viwavi. Mwanga wa kamera ulipita kwenye matundu, ukagonga matofali nyuma yake.

"Hilo ndilo bomba letu?" Verna akauliza.

"Ndilo, mama."

"Ulisema lina dhamana ya maisha," Lendall akasema. "Sikuuliza maisha ya nani. Ya bomba au yangu?"

Dwight akacheka kidogo, lakini hakuondoa macho kwenye kioo. "Mzee Lendall, mmekuwa mnachoma nini humu?"

"Kuni. Ulitaka tuchome nini, viti?"

"Kuni za wapi?"

"Rundo lile pale umelipita. Miti ya mwaloni na mepo, nimeipasua mwenyewe."

"Hakuna kitu cha baharini? Ubao uliookotwa ufukweni, nguzo ya gati, chochote kilichonywa maji ya chumvi?" Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa. "Maana chumvi ikiungua, moshi wake unakula chuma hiki. Na hicho tu ndicho dhamana haikigusi. Kama ni kuni za msituni, waliotengeneza bomba watanipa jingine bure, na mimi nitawatoza kazi yangu kidogo tu. Kama ni chumvi, bomba mnanunua wenyewe."

Verna akageukia dirisha na kuanza kulifunga, ingawa nyumba ilikuwa bado haijaingiza hewa ya kutosha. Lendall akainama kutafuta soksi ya pili.

"Hamna haja ya kujibu leo," Dwight akasema. "Nitakuja Jumanne. Mpaka hapo msiwashe hata kiberiti." Akafunga mlango wa jiko kwa utepe mwekundu, akaomba radhi kwa kufanya hivyo, akaondoka bila kumaliza kahawa yake.

*

Maharage yalimalizikia kwenye jiko la gesi la kanisa.

Katika Ghuba ya Tibbett kila mtu anajua chungu cha nani ni kipi. Jumamosi jioni watu hushuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, wakala maharage yaliyopikwa na nyama ya nguruwe na asali nyeusi ya miwa, pamoja na mkate mweusi, na vyungu hupangwa mezani kama watu waliojipanga kupigwa picha. Chungu cha Verna ndicho kilichokuwa kinaisha kwanza. Jioni ile kilifika nusu, kikakwama hapo.

Bi Thelma, ambaye alikuwa na umri wa kusema chochote, alionja, akatafuna kwa muda mrefu. "Verna mwanangu," akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "leo umefungua kopo la kampuni gani?"

Watu wakacheka. Verna naye akacheka. Halafu akaenda jikoni kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Kaka yake, Merton, alikuwa amekaa mkabala na Lendall, viwiko mezani. Merton bado alikuwa na mashua yake. Lendall alikuwa ameuza yake majira ya kuchipua, na tangu hapo Merton alikuwa akimtania kwa upole zaidi, jambo lililomuudhi Lendall kuliko utani wenyewe.

"Shemeji, nasikia dohani yako imetoboka kuliko soksi zangu."

"Soksi zako nazijua. Dohani yangu haijafika huko."

"Njooni kwangu mlale. Chumba kipo."

"Nikalale kwako niamshwe na kukoroma kwako? Heri nife na baridi."

"Utakufa kweli. Na kuni? Unazo za kutosha?"

"Nimekuomba kuni mimi?"

"Hujaniomba kitu tangu umuoe dada yangu."

"Na huyo sikukuomba wewe. Nilimuomba baba yako."

Waliporudi nyumbani, Corinne alipiga simu kutoka mji wa Bangor. Verna aliweka simu mezani ili wote wasikie. Walikuwa wamevaa makoti, miguu yao minne imezunguka hita ndogo ya umeme.

"Baba, chumba kipo tayari. Nimeweka na televisheni. Ni majira ya baridi tu, mtarudi Aprili."

"Nyumba ikikaa bila moto mpaka Aprili, mabomba ya maji yatapasuka," Lendall akasema.

"Tutayatoa maji."

"Halafu Aprili utasema bega... utasema miguu ya mama yako inauma, tusubiri Juni. Halafu Juni nyumba itakuwa na kibao cha kuuzwa mbele yake. Nawajua watu walioondoka kwa majira ya baridi tu. Wapo huko huko mpaka leo, wengine chini ya majani."

"Lendall!" Verna akasema.

"Siendi, Corinne mwanangu. Nakupenda, lakini siendi."

"Basi bomba liwe limewekwa kabla ya theluji," Corinne akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Theluji ikianguka hakuna moto, nakuja kuwachukua. Simtanii mtu."

*

Jumapili baada ya kanisa, Lendall alisema anakwenda gatini kuongea na wanaume. Verna akasema atajilaza kidogo.

Alisubiri mlango ufungwe, akavaa buti, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyuma ya banda kulikuwa na madema ya Lendall, mitego ya kambakoche ya zamani, ya mbao za mwaloni na kamba za kusuka, yaliyotengenezwa na yeye na baba yake kabla watu hawajahamia madema ya waya. Yalikuwa yamekaa baharini miaka, yakatolewa, yakapangwa moja juu ya jingine hadi kimo cha mtu. Kambakoche waliopita humo ndio waliojenga nusu ya nyumba na kumsomesha Corinne. Kwa upande wa barabara rundo lilionekana zima kama ukuta. Kwa upande wa miti, ambako hapiti mtu, Verna alikuwa ameanza kuchomoa moja moja tangu majira ya baridi ya mwaka juzi. Sasa alitaka kuokota vipande vilivyobaki chini, avitupe msituni, kabla Dwight hajarudi na macho yake.

Akainama, akaingiza kichwa kwenye lile tundu alilolitengeneza mwenyewe. Lilikuwa kubwa kuliko alivyokumbuka. Kulikuwa na mwanga mwisho wa rundo, upande wa banda ambao hakuwahi kuugusa, na ndani ya mwanga kulikuwa na buti mbili.

"Nani huyo?" akasema kwa ukali.

Buti zikaruka. "Nani na wewe?"

"Mkeo! Si ulisema uko gatini?"

"Na wewe si ulisema umelala?"

Uso wa Lendall ukashuka taratibu, ukatokea kati ya mbao, mwekundu kwa baridi. Kwapani alikuwa amebana vipande vya dema. Walitazamana kupitia rundo kama majirani kupitia ua.

"Unafanya nini humo?" Verna akauliza.

"Naangalia madema yangu. Na wewe?"

"Na mimi naangalia madema yako."

Shakwe akalia juu ya banda.

"Ulianza lini?" Lendall akauliza.

"Theluji ya mwaka juzi. Wewe?"

"Hiyo hiyo. Nilikuwa nachoma asubuhi kabla hujaamka."

"Mimi nikichoma jioni ukienda kwa Merton kusikiliza mechi." Verna akaweka mkono mdomoni. "Kumbe ndiyo maana ule moto wa buluu na kijani wa mbao za chumvi haukuisha! Nilikuwa nauona asubuhi nadhani ni mabaki yangu ya jana."

"Na mimi jioni nilidhani ni yangu ya asubuhi. Nikasema, kumbe dema moja lina nguvu kiasi hiki."

Verna alitaka kucheka, lakini uso wa mume wake haukuwa wa kucheka. Alikuwa ameketi chini kwenye majani makavu, vipande vya mbao mapajani.

"Dema ukilikanyaga linavunjika," akasema. "Halihitaji shoka. Mwaloni siwezi kuupasua tena, mama Corinne. Bega limekataa. Sikutaka ujue."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Unafagia kwa kushoto. Unakoroga kahawa kwa kushoto. Hata nywele zako hizo mbili unazichana kwa kushoto. Kwa nini unadhani nilianza kuchoma haya? Nilitaka rundo la kuni lisishuke haraka, usije ukashika shoka."

Lendall akafikiri. "Na mimi nilikuwa nashangaa kuni hazipungui. Nikajisifu moyoni kwamba najua kuzibana."

Hapo Verna akacheka, akacheka mpaka rundo likatikisika na dema moja la juu likaanguka upande wa barabara. Lendall naye akaanza, akijishika bega. Walipomaliza, baridi ikawarudia wote wawili, pamoja na wazo la Jumanne.

"Dwight tutamwambia nini?" Verna akauliza. "Tukisema ni kuni za msituni, tunapata bomba. Tukisema kweli, sijui tutalinunua kwa pesa gani, na Corinne anakuja na gari."

Lendall alipapasa mfukoni. Akatoa kipimo chake cha shaba, ambacho wavuvi hupimia mgongo wa kambakoche, na asiyefikia kipimo hurudishwa majini hata kama hakuna anayeona. Alikuwa ameuza mashua lakini kipimo bado alitembea nacho.

"Miaka yote ile sikupeleka gatini kambakoche mfupi hata mmoja," akasema. "Nianze leo na bomba?"

*

Jumanne Dwight alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Lendall alisema, "Ni mimi," Verna akasema, "Ni mimi vilevile," na ikabidi waeleze mara mbili.

"Nilijua," Dwight akasema. "Majivu yenu yamejaa misumari ya madema."

"Sasa kwa nini hukusema?" Verna akauliza.

"Mngeniambia ni za msituni, ningewaandikia waliotengeneza bomba hivyo hivyo." Akavuta kiti. "Ila sidhani kama ningekunywa tena kahawa hapa. Ipo?"

Alitaja bei. Ilikuwa zaidi ya dola elfu tatu, hata baada ya kupunguza kazi yake mpaka Verna akaona aibu. Na theluji ilitabiriwa wiki iliyofuata.

Ni Merton aliyesema kuhusu duka. Kulikuwa na mwanamke katika mji wa jirani, Paige, aliyekuwa akiwauzia wageni wanaokuja kupumzika kiangazi vitu vya zamani. Madema ya mbao aliyanunua dola sabini moja, akayawekea kioo juu, yakawa meza za kahawa.

"Meza," Lendall akasema.

"Meza, shemeji. Wanaweka vikombe juu yake."

"Baba yangu alikaa majira mazima ya baridi akikunja zile mbao kwa mvuke."

"Na wewe umekaa mawili ukizichoma. Kipi kibaya zaidi?"

Wakapakia pikapu ya Merton, safari mbili, wakachukua yote yaliyosimama upande wa barabara. Paige alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye mikono safi. Alizunguka kila dema, akainamisha kichwa.

"Haya mazuri! Ila hamna yenye zile kome ndogo zilizogandia? Wateja wangu wanazipenda sana."

"Mama," Lendall akasema, "nimetumia maisha yangu kuzikwangua."

"Pole! Basi labda utaniandikia jina lako juu ya kila moja? Yakiwa na jina la mvuvi halisi naongeza dola tano."

Merton akaangalia pembeni. Verna alisubiri mume wake aseme neno baya. Lakini Lendall alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaanza kuandika jina lake juu ya mbao za baba yake, herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto, na kila alipomaliza moja alilipapasa kidogo ubavuni kabla ya kulisogeza.

Njiani Verna alikaa katikati ya wanaume wawili, bahasha mapajani, akitazama mbele.

"Usihesabu," Lendall akamwambia.

"Sihesabu."

"Midomo yako inatembea. Unahesabu tuliyochoma."

"Kwa sabini sabini," Verna akasema kwa sauti ndogo, "tulikuwa tunaota moto wa mabwana."

Pesa zilipungua kidogo. Corinne alimalizia bila kuombwa. "Nimesikia habari zote kwa mjomba," akasema kwenye simu. "Mmechoma meza za watu." Kisha wakamsikia akipenga kamasi. "Kile chumba nitaweka mashine ya kufulia."

*

Bomba jipya lilikuja limekunjwa kama nyoka mkubwa wa fedha. Dwight alilivika blanketi lake la kuzuia joto, akalipandisha juu ya paa. Kutoka huko aliteremsha kamba hadi chini, kwenye tundu la nyuma ya jiko, ili yeye asukume na walio chini wavute.

"Nahitaji watu wawili wa kuvuta!" sauti yake ikashuka ndani ya dohani.

Merton akashika kamba. Lendall akasimama nyuma yake, naye akashika. Verna akapiga magoti kwenye tundu na tochi.

"Vuta!"

Wakavuta. Masizi yakamwagika kwenye kofia ya Merton. Bomba likashuka kidogo, likagoma.

"Vuta kama una nia, shemeji!" Merton akasema bila kugeuka. "Au uliuza mikono pamoja na mashua?"

Merton akageuka kumchokoza tena, akaona. Mkono wa kulia wa Lendall ulikuwa umelala ubavuni. Kamba yote ilikuwa imezungushwa kwenye wa kushoto, na alikuwa amejifunga kiunoni ili uzito wa mwili uvute. Uso wake ulikuwa umetoka jasho.

Merton akaacha kuvuta.

"Vipi huko chini?" Dwight akaita.

"Ngoja kidogo!" Lendall akaita. Halafu, akitazama kamba na si mtu, akasema, "Merton."

Hakuwa amemwita kwa jina siku nyingi.

"Naam."

"Zile kuni. Rundo lile ni magogo, nusu yake haijapasuliwa. Bega langu limekwisha." Akaikaza kamba kiunoni. "Naomba unipasulie."

Verna alizima tochi bila kujua kwa nini. Ilikuwa rahisi zaidi kuuza madema yote yale kuliko kusema maneno hayo machache.

Merton alijifuta masizi, akayapaka zaidi. "Jumamosi," akasema. "Lakini chakula cha mchana juu yako. Na sitaki maharage ya kopo."

"Hilo neno la kopo lilimtoka Bi Thelma!" Verna akafoka kutoka sakafuni.

"Mnavuta au mnaongea?" Dwight akaita.

Wakavuta, watatu sasa, maana Verna alikuwa amesimama na kushika kamba nyuma ya mume wake. Bomba likakwaruza, likaachia, likateremka lote hadi mdomo wake ukatokea kwenye tundu, unang'aa kama kitu cha arusi.

*

Theluji ilianguka Ijumaa, nyepesi, bila upepo. Chungu cha maharage kilikuwa tayari ndani ya jiko. Kile kidude juu ya mlango kilikaa kimya na taa yake ya kijani.

Lendall alirudi jioni kutoka gatini, alikomsaidia Merton kufunga mashua, glovu zimelowa, koti la mvua linatiririka. Akaufungua mlango wa jiko kidogo atazame moto. Ulikuwa wa manjano tu, moto wa kawaida wa mwaloni.

"Hauna rangi," akasema.

"Hauna."

"Nitaukosa ule wa buluu."

"Na mimi." Verna akamsukuma kwa kiwiko. "Sogea, unadondosha maji ya bahari karibu na bomba langu. Wewe mwenyewe una chumvi ya miaka hamsini."

"Basi nikae wapi?"

Verna akavuta benchi nyuma hatua moja kutoka kwenye jiko, akampanguzia mahali kwa aproni, kisha naye akakaa hapo hapo, upande wa bega lake bovu, ili liegemee.